Kengele Iliyomrithi Kipaza

Sauti ndiyo iliyompa kazi, na sauti ndiyo iliyomponza. Tangu shuleni walimwita Kipaza, na alipoajiriwa kuwa tarishi katika ukumbi wa kusikiliza maombi ya leseni za vinu vya nyuklia, jina lilizidi kumkaa. Alitangaza kuanza kwa kikao, akaita mashahidi, na kila alilolitamka mle ndani mwandishi wa kumbukumbu alilipiga chapa papo hapo. Ndivyo mwongozo wa vikao ulivyoagiza.

Kazi yake ya pili ilimtia kinyaa. Wananchi waliopinga kinu hawakuruhusiwa kumwuliza mhandisi wa kampuni kwa vinywa vyao wenyewe. Waliandika swali kwenye kikaratasi, Kipaza akalibeba hadi kwa mwenyekiti wa jopo, naye akaamua kama linastahili. Lililostahili alilisoma baada ya kuling'oa meno. "Je, mitambo ni imara?" Mhandisi alijibu kuwa ni imara, wakatabasamiana kama mashemeji. Mengine yaliishia kwenye kapu chini ya meza, pamoja na maganda ya karanga za mwenyekiti. Uchafu huo ndio uliopewa jina la usikilizaji.

Asubuhi moja, mkono ulionyooshwa kwenye benchi la wapingaji ulikuwa wa dada yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali iliyo ng'ambo ya daraja.

"Mdogo wangu, peleka hiki. Na usikikunje kama leso yako."

"Dada, watakitupa tu. Hawa nawajua."

"Wakitupe, lakini niwe nimeuliza."

Kipaza alikisoma akitembea: *Ajali ikitokea na daraja likafungwa, wazazi na vichanga vyao watatolewa kwa njia ipi?*

Mwenyekiti hakufika hata kwenye alama ya kuuliza. "Huyu yuko nje ya mstari. Hahusiki." Akakidondosha kapuni, akamenya karanga nyingine.

Na mstari wenyewe ulichorwa na nani? Na kampuni ileile iliyoomba leseni! Ndiyo iliyoamua kwenye ramani nani ataathirika na nani atasalimika, na kalamu yake ilipoukaribia ukuta wa hospitali ilikata kona kwa adabu zote. Kesi ya nyani ilikuwa kwa ngedere, na ngedere alikuwa akila karanga.

Kipaza aliinama. Mwenyekiti alidhani anasafisha. Kumbe alikiokota kikaratasi, akakikung'uta maganda, akatanua kifua na kulitangaza swali lile neno kwa neno, kama aitaye shahidi. Vidole vya mwandishi vikakimbia. Mhandisi, kwa mazoea ya kujibu, akaropoka:

"Hilo daraja... hatujalipangia."

"Futa!" mwenyekiti alifoka.

"Mheshimiwa," mwandishi alisema kwa upole, "mwongozo unasema tamko la tarishi halifutwi bila kutajwa sababu. Niandike sababu gani?"

Mwenyekiti alilitazama kapu, akaitazama ramani. "Tunaahirisha."

Wapingaji walishangilia. Sasa, walisema, utaratibu utarekebishwa. Ukarekebishwa kweli! Kikao kilipoitishwa tena, Kipaza alikuwa amefukuzwa, mezani pamewekwa kengele ya kutangazia badala yake, na kapu limepata kifuniko. Jibu la mhandisi halikufutwa, ila jopo lilitamka kwamba halina uzito, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa mtumishi, si mpingaji.

Kipaza alikuwa ameketi kwenye benchi, bega kwa bega na dada yake.

"Umepoteza kazi yako kwa ajili yangu," dada alinong'ona.

"Nilikuwa nazoa takataka za watu, dada. Haikuwa kazi."

Akasimama. "Mwenyekiti, mtumishi mmemwondoa. Anayeuliza leo ni mwananchi. Watoto wa wodi ile watapita wapi?"

"Andika kwenye kikaratasi!"

"Nani atakuletea?"

Mwongozo ulitaka maswali yapitie mkononi mwa tarishi, na tarishi walikuwa wamemfuta wao wenyewe. Katika haraka ya kuziba mdomo mmoja, hakuna aliyeikumbuka miguu yake.

"Basi hakuna maswali," mwenyekiti alisema bila haya, akaigonga kengele.

Muuguzi akasimama kando ya mdogo wake, na benchi zima likafuata. Mwenyekiti akagonga tena, na tena. Lakini kengele ile ilinunuliwa kwa kipimo cha meza, si cha kifua cha Kipaza. Swali lilipanda juu yake, neno kwa neno, na mwandishi, bila kuinua macho, alikuwa akipiga chapa.