Waliofichwa Stoo kwa Bi Kuluthum

Eddah Nguma ni fundi cherehani wa Timbwani, Likoni, na chumba anachoshonea amepangishwa na Bi Kuluthum. Bibi huyu macho yamemchoka, lakini hadithi hajaziacha, kwa hiyo alasiri kazi ikipungua Eddah humsomea. Mwaka jana alipata riwaya kuukuu ya Kiingereza kwa muuza vitabu vya mtumba karibu na feri, akawa anaisoma kimoyomoyo na kumsimulia kwa Kiswahili.

Ilikuwa habari ya Uholanzi, Wajerumani walipoiteka wakati wa vita na kuwasaka Wayahudi wawaue. Mjane mmoja mwoka mikate aliwaficha mume na mke Wayahudi darini, juu ya tanuri lake. Askari walipobisha, akawaapia kwamba anaishi peke yake. Eddah, ambaye ni mwanakwaya, aliuliza kama kiapo kile kilikuwa dhambi. Bi Kuluthum akamwambia asome tu.

Akasoma, kisha akasema kwamba mjane yule angalau alijua nani wa kumficha na nani wa kumfungia mlango.

Bi Kuluthum alimwambia afunge kitabu. Halafu akasimulia kwamba mwaka ule wa ghasia za Likoni, watu wa bara walipochomewa nyumba, alimficha stoo jirani yake Wairimu, muuza mboga. Vijana wenye mapanga walikuja kumuulizia, akawaambia keshavuka feri. Baadaye polisi wakaanza kuwazoa vijana wa pwani bila kuchagua, na mmoja akaruka ukuta wa ua wake, shati limechanika, akaomba asitiriwe.

"Nikamtia stoo ile ile, pamoja na Wairimu," alisema. "Nyingine sikuwa nayo."

Eddah akauliza ni nani.

"Babako, mwanangu."

Marehemu Nguma siku zote alimwambia bintiye kwamba wakati wa ghasia alikuwa shambani Kaloleni. Eddah akataka kujua kama alikuwa miongoni mwa wale wenye mapanga. Bi Kuluthum akasema hakumuuliza, wallahi, kwa sababu lau angejibiwa, ingembidi amtoe nje mmoja wa wale wawili.

Kesho yake Eddah aliomba nambari ya Wairimu, aliyerudi kwao Nyeri na ambaye humpigia Bi Kuluthum kila Idi. Wairimu alimkumbuka Nguma mara moja. Sakafu ilikuwa imelowa, akasema, na kijana yule alimpa gunia alilokuwa amelikalia, naye mwenyewe akachutama kwenye maji.

"Alikuwa mmoja wao?" Eddah akauliza.

"Sijui, mama. Alikuwa akilia. Mimi namwogopa yeye, na yeye ananiogopa mimi, nisije nikapiga kelele polisi wakasikia."

Eddah alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Alijaribu kumwona babake na panga, akashindwa. Akajaribu kumwona Kaloleni, napo pia akashindwa. Hakujua kama ilimpasa amwombe Wairimu msamaha, au kama kumwomba kungekuwa kumsingizia marehemu.

Alasiri ile Bi Kuluthum alikuja na kiti chake, akauliza wale Wayahudi yaliwapata yapi. Eddah akafungua kitabu. Aliupitia ukurasa mmoja mara mbili bila kuuelewa, kisha akaanza kusimulia, na badala ya kusema askari walipanda darini, akasema waliingia stoo. Bi Kuluthum hakumsahihisha.