Ndama Aliyekosekana Kwenye Barua

Harufu ya wino wa muhuri hainipiti hivi hivi. Juzi nilikwenda ofisi ya kijiji kugongewa karatasi ya mjukuu wangu. Mtendaji alipofunua kile kikopo bapa, harufu ile ya zambarau, kali kidogo, tamu kidogo, ilinitoa kwenye benchi ikanirudisha Sindeni ya zamani, wakati wa mvua za vuli, nami nina miaka kumi na mbili na kalamu ya nibu mkononi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Aliyemaliza kidato cha sita hakwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Alifanya kazi kwanza, kisha wale aliofanya nao kazi wakaandika barua kueleza ni mtu wa namna gani. Dada Zaina, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa amemaliza miaka yake miwili kijijini kwetu. Asubuhi alimsaidia bwana mifugo kwenye josho, jioni alifundisha kisomo cha watu wazima. Alitaka kusomea udaktari wa mifugo. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine, hata kanga mpya.

Barua ilitakiwa itoke kwa mwenyekiti, Mzee Mhina. Yeye herufi alifundishwa na huyo huyo Zaina, na bado alizichora moja moja huku jasho likimtoka. Katibu alikuwa amelazwa Korogwe. Zaina hakuweza kujisifu mwenyewe. Mwandiko wangu ulisifiwa shule nzima, na mimi nilijua hivyo kupita kiasi. Nikaitwa.

Nakumbuka sauti za wazee waliokusanyika kumwelezea Zaina zaidi ya sura zao. Mvua inanyesha polepole juu ya nyasi za paa, na kila mtu anatoa lake. Mmoja alisema Zaina alimgombeza, yeye mtu mzima, kwa kukwepa kuogesha mbuzi wake, na kwamba alistahili. Bibi mmoja alisema sasa anasoma mwenyewe barua za mwanawe aliye Tanga, majirani hawajui tena siri zake. Kisha Mzee Lemayani, mfugaji wa Kimasai mwenye boma upande wa nyika, akaegemea fimbo yake.

"Andika ya ng'ombe wangu," aliniambia. "Ndama alikaa vibaya tumboni, bwana mifugo yuko Handeni. Huyu msichana alipaka sabuni mkono mpaka begani, akaingiza, akamgeuza. Ndama yuko hai. Na wewe karani ulikuwepo, umeshika mkia."

Wote walicheka, kwa sababu siku ile nilirudi nyumbani nanuka hata mama akanivulia nguo nje.

Niliona aibu. Mkono wa msichana ndani ya ng'ombe, uandikwe kwenye karatasi inayokwenda serikalini? Nilikuwa nimezisoma barua zilizobandikwa ukutani, najua zinavyonguruma. Wazee walipotawanyika nikaandika ya kwangu: Ndugu Zaina ni mtu wa tabia njema, mtiifu, mchapakazi, mwenye moyo wa kujitolea na ushirikiano mwema na wananchi wote. Hakuna josho, hakuna bibi, hakuna ndama. Ingeweza kuwa barua ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Nilipomsomea Mzee Mhina alifumba macho kama anayesikiliza redio. Alisema imekaa kiserikali, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Zaina alikuwa akingoja njiani, kanga imelowa mabegani. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu, gundi haijakauka.

"Ya ndama umeyaandika, mdogo wangu?"

"Nimeyaandika, dada."

Alinishika kichwa, akaichukua bahasha, akaenda kupanda gari la Handeni.

Jibu lilikuja kiangazi. Hakuchaguliwa. Aliyezipitia karatasi zake alimweleza bwana mifugo kwamba barua ilikuwa nzuri, ila haikuonyesha kama msichana amewahi hata kugusa mnyama. Zaina aliendelea na kisomo. Hakuniuliza neno. Nilijifariji kuwa mimi ni mtoto tu. Baadaye sikuwa mtoto tena, na bado sikumwambia.

Nilipomaliza kidato cha nne niliomba kazi ya ukarani kwenye shamba moja la mkonge huko Korogwe. Walitaka barua ya kijiji, na wakati huo katibu alikuwa Zaina. Alinipa bahasha iliyofungwa. Meneja aliifungua mbele yangu, akasoma kimya, kisha akaanza kutabasamu.

"Kumbe wewe ndiye uliyeshika mkia?"

Aliigeuza karatasi nione. Zaina alieleza ng'ombe alivyokuwa akirusha mateke, wanaume wawili walivyorudi nyuma, na mtoto wa darasa la sita aliyebaki ameshika mpaka ndama akatoka. Ukurasa mzima. Mwandiko wake haukuwa mzuri kama wangu. Kuhusu mkono uliomtoa ndama, aliandika tu kwamba kulikuwa na mtu akisaidia.

Nilipata kazi siku hiyo hiyo.

Tangu hapo nimewaandikia vijana wengi barua, na sianzi kabla sijaambiwa nani alimwona akifanya nini. Utotoni nilidhani kumsifu mtu ni kumvika maneno makubwa. Sikujua kwamba maneno yale yanaweza kumfunika asionekane kabisa. Hata leo sijui kama Zaina aliwahi kufahamu nilichofanya. Amelala Sindeni sasa, na nyasi zimeota.

Ya ndama nimeyaandika leo, dada.