Mchanga Kwenye Ulezi

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya afya ya akili alinitandikisha kitanda kimoja mara sita. "Sista, shuka lina kona nne," alisema, "siyo tatu na nusu." Mama yule alikuwa na haiba tunayoiita ya ukamilifu: kila kitu kwa utaratibu wake, na asiyeufuata ndiye mwenye kasoro. Nilimwogopa, kisha nikamwiga, na mpaka leo shuka likipinda silali.

Miaka mingi baadaye nilikuwa muuguzi pekee wa kliniki ya akili hapa Sumbawanga, foleni mpaka nje kwenye baridi. Mkulima mmoja wa Kasense akamleta mkewe. Alieleza kwamba mama huyo anachambua ulezi tangu asubuhi, anapepeta, anaosha, anaanika, anarudia, na jioni hakuna unga. Mama akajinyoosha akasema kazi ifanywe inavyotakiwa, wenzake ni wavivu. Nikawa kama namsikia Mfawidhi wangu. Kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa nimechoka, sikuuliza zaidi. Nikaandika "haiba", nikampongeza mume kwa kupata mke msafi, nikaita mwingine.

Walirudi baada ya mwaka. Mama amekonda, vidole vimechubuka. Mume alisema kwa upole kwamba watoto wanalala njaa na ulezi umejaa ndani, na safari hii tukishindwa atamrudisha mkewe kwao. Ndipo nikamuuliza mama anaogopa nini akiacha kuchambua.

"Nitawaua wanangu, sista," alisema. "Kipande cha chupa kwenye ugali. Najua hakimo. Lakini nakiona."

Vijana mnaoanza uuguzi, tofauti iko hapo. Mwenye haiba ile anaona dunia ndiyo iliyopinda. Mwenye ugonjwa wa mawazo ya kujirudia mara nyingi anajua amezidi, ila hofu haimwachii mpaka mkono urudie. Na kuna wakati vyote viwili vinakaa kwa mtu mmoja, haiba ikauficha ugonjwa.

Daktari alimwanzishia dawa. Mimi nilimfuata nyumbani kila wiki kwa zoezi: apepete mara kumi, kisha tano, hofu ikija asiikimbie. Siku ya kupepeta mara moja tu, alisonga ugali, akaufunika, watoto wasiuguse. Mume alisimama mlangoni.

"Anza wewe, sista," mama akaniambia.

Nikamega. Mchanga ukalia jinoni, naye akausikia.

"Umo?"

Kumdanganya kungemrudisha kwenye ungo. "Umo kidogo," nikasema, nikameza, nikamega tonge la pili.

Mama akawapakulia wanawe, akamkemea mkubwa kwa kukaa vibaya. Haiba ilibaki, nami sikuwa na nguvu ya kuigusa.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Familia ile bado inanishukuru kwa ugali ule. Mimi nakumbuka mwaka mzima watoto wale walipolala njaa, kwa sababu nilimwona mama yao ni msafi, nikatoa pongezi.