Fundi wa Kushona na Wifi Yake

Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, fundi wa kushona huweka viganja juu ya kitambaa na kunong'ona, "Bwana, unirehemu na leo." Akikosea mshono hufumua taratibu huku akiimba pambio, wala hanuni. Juzi wifi yake, anayempigia pasi, aliunguza gauni la bibi harusi, na harusi yenyewe ni kesho yake. Akavua aproni, machozi yakimtiririka. "Nifukuze tu, wifi." Fundi akalitazama tundu, akashusha pumzi. "Asubuhi nimeomba rehema, saa nne nikunyime wewe? Hapa tutabandika ua la lesi, watasema ndio mtindo. Haya, pasi isipoe." Wifi akaishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.