O Iliyodondoka Kaunta ya Nne

Wenzake wa kiwandani walimwita Wino Mwekundu, naye hakulikataa jina hilo. Kwa miaka thelathini na mmoja alisahihisha vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa, na hata sasa, mjane mwenye mvi na goti bovu, hawezi kupita mbele ya kibao cha kinyozi bila kukisoma mara mbili. Mumewe, karani wa mahakama, alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, kabati la vitabu na jina lisilowahi kutajwa kwa aibu. Nyumba ilikuwa inavuja. Jina halikuwa na tundu.

Jumanne moja alikuwa anaanika mashuka, ndipo jirani yake, mshona nguo, akaegemea ukuta na kusema kwa sauti ya msibani, "Pole, dada. Tumesikia ya binti."

"Mmesikia nini?"

"Kwamba amekomba. Ndivyo wanavyosema dukani. Mimi sijamwambia mtu, mdomo wangu huu hapa."

"Huo huo ndio unaoniambia, au umeazima wa mwenzio?"

Aliingia ndani. Binti yake, keshia katika duka kubwa la mtaa wa pili, ambaye mama alidhani yuko kazini, alikuwa ameketi kitandani na sare yake, kofia mapajani. Alikuwa amerudi kwa mlango wa nyuma.

"Wamenisimamisha, mama. Mpaka uchunguzi uishe."

Wiki iliyopita duka lilikubali kujaribu programu ya simu ya kampuni moja changa, ya miezi minane tu. Iliitwa Kijaluba. Mteja huhifadhi humo kuponi zake za punguzo badala ya kuzikata magazetini, na akifika kulipa, keshia huzipitisha kwenye mashine. Jaribio lilifanywa kaunta ya nne peke yake, yaani kwa binti huyu. Kila alipomaliza kuzipitisha, simu ya mteja ililia na kupokea ujumbe. Mteja mmoja aliupeleka wake kwa meneja, na kutoka hapo ukatembea mtaa mzima:

"Keshia namba 4 amekomba kuponi zako zote."

Wino Mwekundu aliusoma mara moja tu.

"Pana o imedondoka hapa," alisema. "Amekomboa. Walitaka kusema amekomboa, yaani amezitumia."

"Nilimwambia meneja hivyo hivyo. Akasema mashine haina sababu ya kumsingizia mtu."

Mama alikaza fundo la khanga. Mwizi hukomba nyumba. Mlafi hukomba sufuria. Na sasa mtoto wa karani wa mahakama ametiwa kundi moja na hao, kwa maandishi, kwa sababu mtu fulani hakusoma kazi yake kabla ya kuituma.

"Vaa viatu," alisema.

Ofisi ya Kijaluba ilikuwa juu ya duka la rangi: chumba kimoja, meza ndefu, nyaya zimetapakaa sakafuni. Mkurugenzi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliwapokea kwa tabasamu.

"Karibu mama. Mna tatizo na programu?"

"Programu ndiyo ina tatizo na sisi."

Mkurugenzi akausoma ujumbe, na kabla hajajizuia, akacheka. Halafu akaona uso wa mgeni wake.

"Samahani, mama. Ni herufi moja tu." Akabonyeza hapa na pale. "Tayari. Kuanzia sasa itasomeka vizuri."

"Kuanzia sasa. Na waliokwisha kusoma?"

"Watasahau. Watu hawasomi ujumbe kwa makini."

"Huu wameusoma kwa makini mpaka mwanangu hana kazi. Halafu nani alikwambia kuponi hukombolewa? Ilitekwa na nani?"

Fundi wa kompyuta aliyeketi pembeni alicheka puani, kisha akakumbuka ana kazi ya kufanya.

"Mama, nielewe na mimi," mkurugenzi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikiomba radhi kwa wateja, duka litavunja mkataba. Ndilo la kwanza kutukubali."

"Nakuelewa sana. Wewe unalinda jina la miezi minane. Mimi nalinda la miaka arobaini. Andika."

"Mama, basi," binti akanong'ona. "Nitatafuta kazi kwingine."

"Utatafuta ukipenda. Lakini pale utatoka kwa mlango wa mbele."

Mkurugenzi aliandika: Tunaomba radhi kwa usumbufu uliyojitokeza.

"Uliojitokeza," alisema Wino Mwekundu. "Na ufute yote. Mtu aliyevunjiwa heshima hajasumbuliwa." Akamtajia neno kwa neno: Tuliandika vibaya. Keshia namba 4 hakuchukua kitu cha mtu. Alitumia kuponi zako kama ulivyomwomba. Kosa ni letu. "Kwa kila aliyepata ule wa kwanza. Na kwa meneja."

Walipofika dukani, simu zilikuwa zinalia kwenye foleni. Meneja alikuja mbio na yake mkononi.

"Tumeuona, mama. Yaishe. Binti aje kesho kama kawaida."

Kwenye kaunta ya nne palikuwa na karatasi: Imefungwa, keshia anachunguzwa. Meneja akanyoosha mkono aibandue.

"Subiri, baba. Ulipoibandika, watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Na sasa wapo. Isome kwanza, kisha usome ujumbe huo wa kwenye simu. Kwa sauti. Na usidondoshe herufi."

Meneja alitazama foleni, nayo ikamtazama. Mshona nguo alikuwa wa tatu, na kikapu chake. Meneja akasoma vyote viwili, akikohoa katikati, kisha akaibandua karatasi.

Binti hakungoja kesho. Alivaa kofia, akaketi, akamwita wa kwanza kwa sauti ile ile baba yake aliyoitia kesi mahakamani.