Umekuja Kutembea kwa Nani?

Safari nzima ilinigharimu shilingi elfu ishirini na tatu na mia nne. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika, ikaja ile ile. Humo mna nauli ya malori kwenda na kurudi, kilo mbili za sukari, sabuni ya mche, na ndala nilizonunua baada ya viatu vyangu vya maana kuachia soli siku ya kwanza. Samaki wakavu niliopewa wakati wa kuondoka siwahesabu. Nikiwahesabu itaonekana nilitoka na faida, na mimi kule sikwenda kutafuta faida. Ni mara moja tu maishani ninapoweza kusema hivyo na kuapa.

Wakati ule nilikuwa na kibanda cha vitenge Tunduma, karibu na mpaka. Simu za mkononi zilikuwa zimeshatufikia sisi wa juu, bondeni bado. Kila baada ya mavuno nilikuwa nateremka Kamsamba kununua mchele, na kila mara lori linapoanza kushuka mteremko niliona kitu cheupe kimelala kule mbali, kama shuka iliyosahauliwa juani. Dereva alikuwa akisema, "Ndiyo Rukwa hiyo." Miaka saba niliiona hivyo bila kuifikia, kwa sababu ufukweni sikuwa na biashara. Mwaka wa nane nikajiuliza: kwani mtu hawezi kwenda mahali bila biashara?

Nikawaambia wenzangu sokoni kwamba nafunga kibanda siku nne, naenda kutembea ziwani.

"Kutembea kwa nani?" akauliza jirani yangu, muuza ndala.

"Si kwa mtu. Kutembea. Kwa miguu."

"Kwani hapa Tunduma miguu hiyo haitembei?"

"Hapa inakimbia."

Alicheka mpaka mteja wake akaondoka. Baadaye aliposikia kwamba ndala nilizinunulia kule, tena kwa bei ya juu, hakunisemesha wiki nzima.

Kipande cha mwisho kutoka barabarani hakikuwa na lori. Nilikitembea, na hapo ndipo soli iliponiaga. Nikaingia kijijini mguu mmoja uko vizuri na mwingine unapiga makofi. Ni kijiji kidogo, nyumba za tope na nyasi, nyavu zimeanikwa, na harufu ya samaki inayokupokea kabla ya watu. Nikapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, maana mgeni lazima aandikwe. Alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa pale, mwenye kalamu moja aliyoifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati. Akafungua daftari.

"Utokako?"

"Tunduma."

"Shughuli?"

"Nimekuja kutembea."

"Kwa nani?"

"Ziwani."

Akaweka kalamu chini. "Dada, hapa pameandikwa Mwenyeji. Ziwa siwezi kuliandika. Halitii sahihi."

"Basi paache wazi."

"Pakiwa wazi wewe ni mzururaji. Au ni mnunuzi wa samaki unayeficha bei."

"Ningekuwa mnunuzi ningeshakuuliza bei."

"Ndiyo maana nakuogopa."

Nilimpenda palepale. Lakini alikuwa na haki. Kwa watu wa kule, na kwetu pia, kutembea maana yake ni kumwendea mtu. Kwenda kutembea kwa shangazi, kutembea kwa rafiki. Mtu anayetembea tu, bila kumwendea yeyote, huyo ana ugonjwa au ana mpango.

Pale uani alikuwepo mama mmoja mrefu wa Kisukuma, amekuja kuleta maziwa ya kuuza. Alikuwa anatusikiliza huku anamimina. Akasema bila kuinua kichwa, "Andika mimi."

Mwenyekiti akacheka. "Mayu, wewe mwenyewe mgeni. Mgeni atampokeaje mgeni?"

"Mwaka wa kumi na nane huu."

"Kumi na minane si kuzaliwa."

Yule mama alimaliza kumimina, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Mwenyekiti akachora kistari kwenye ile nafasi. Akaniambia nirudi kesho jioni na mwenyeji wa kueleweka, la sivyo nipande gari la samaki.

Nililala kwa yule mama hivyo hivyo, nikiwa kistari.

Asubuhi akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Wateja wangu wa Zambia nao huniita bamayo, lakini wao wakishasema hivyo wanataka nipunguze bei. Huyu alitaka tu nivae ndala zangu tuondoke. Tukafuata ng'ombe wake kwenda majini, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma nahesabu. Nilikuwa nimefika thelathini na tatu, kwa sauti, aliponishika mkono.

"Ng'ombe wa watu hawahesabiwi kwa kidole. Utawapunguza."

"Nihesabu nini sasa?"

"Ndege. Ndege wa Mungu hao, hawaishi."

Nikajaribu. Walikuwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, weupe kwa weusi, mpaka macho yanaposhindwa. Nilipofika mia mbili na kitu wakaruka wote kwa pamoja, kivuli chao kikatupita miguuni. Nikaacha. Ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuiacha katikati, na sikusikia upungufu wowote.

Pwani ya Rukwa haina haraka. Nchi ni tambarare, huwezi kusema hapa ndipo nchi kavu inapoishia. Kwanza nyasi, kisha tope lililopasuka, kisha utando mweupe wa chumvi unaolia chini ya ndala, kisha maji yanaanza bila kukwambia. Tulitembea mpaka jua likawa juu. Mahali fulani palipokuwa na matete alinizuia.

"Hapo usisogee. Pana mwenyeji wa kweli."

"Nani?"

"Mamba."

Tulicheka. Halafu akasema, akiwaangalia ng'ombe si mimi, "Mkutanoni nikisimama, kabla sijasema wananiuliza nimekuja lini. Nikishajibu, wanasema kaa. Wanangu wawili nimewazika hapa, mayu. Nataka siku moja nisimame, niseme, ndiyo nikae."

Nikaelewa kwa nini alitaka aandikwe yeye. Hakuwa ananionea huruma. Kumpokea mgeni ndiyo kazi ya mwenyeji, na jina lake likiandikwa kwenye ile nafasi, daftari la kitongoji lenyewe litakuwa limemwita mwenyeji.

Wakati wa kurudi alinionyesha kisiki chenye alama ya kamba. Zamani mitumbwi ilifungwa pale. Ziwa lile husogea na kurudi, mwaka hadi mwaka. Nikageuka kuangalia kisiki kiko wapi. Kilikuwa nyuma ya choo cha mwenyekiti.

Jioni nilikwenda kwake. Mimi nimebishana bei na Wazambia, Wakongo, na mawifi. Nilianza juu, kama kawaida.

"Mwenyekiti, andika wenyeji wawili: wewe na yule mama."

"Haiwezekani. Nafasi ni moja."

"Basi jiandike wewe."

"Mimi sikukulaza!"

"Aliyenilaza ni nani?"

Akajikuna shingo. "Nikimwandika, kesho atasimama mkutanoni."

"Atasema nini cha kukuua?"

"Njia ya ng'ombe. Ataianzisha tena ile kesi ya wafugaji kupewa njia ya kwenda majini."

"Hapa ulipojenga, babako alipakutaje?"

Akaangalia kisiki. Akaniangalia mimi. "Yalikuwa maji," akasema polepole.

"Basi hata wewe umemkuta mtu. Mwenyeji wa kweli ni mamba. Ukitaka sahihi yake, twende matetini, nakusindikiza."

Alicheka mpaka kalamu ikamtoka na kuning'inia kifuani. Kisha akaivuta kwa ule uzi, akakifuta kile kistari kwa mate na kidole, karatasi ikabaki na doa, na juu ya doa akaandika jina la yule mama. Akaandika herufi kubwa, kwa shingo upande. Nilimwomba anisomee. Halafu nikamwomba asome tena.

Siku ya kuondoka nilitoa hela. Yule mama aliangalia mkono wangu kama nimemshikia chura. "Mgeni halipi. Ukilipa, hapa ni gesti na mimi mhudumu." Akanifungia samaki. "Rudi mwakani. Mgeni wa mara moja watasema alipotea njia."

Nikarudi mwakani. Nimerudi kila mwaka, ndala zile zile mpaka zikaisha. Mkutano wa kwanza baada ya mimi kuondoka alisimama, mtu akafungua mdomo kumuuliza amekuja lini, na mwenyekiti akasema, "Yumo kwenye daftari, mwacheni aseme." Alisema njia ya ng'ombe, saa nzima. Mwenyekiti alinilalamikia mpaka anakufa, na kila mwaka aliniwekea kiti.

Sasa simu zimeteremka hadi bondeni. Juzi yule mama akanipigia. Sauti imezeeka lakini haijapunguza amri.

"Mayu, naja Tunduma. Kutembea. Siku nne, kama zako."

"Karibu sana," nikasema. "Kwa nani?"

"Kwako, mjinga wewe. Na kwa miguu."

Hapo ndipo niliponasa. Mimi nilizaliwa Ikinga, huku nilikuja na mzigo wa vitenge kichwani, na kila ninayemjua hapa amekuja na mzigo wake. Kuandikwa mwenyeji sina wasiwasi, nitambishia mjumbe mpaka aandike. Lakini huyu mtu alinitembeza kwenye maji na ndege wasiohesabika. Mimi nimepima: kutoka kibandani kwangu hadi geti la mpaka ni hatua mia nne na kumi, nimezipima mara mbili, na zote ni malori, vumbi na wabadilisha fedha. Anafika Jumamosi, na miguu yake siku hizi haitaki mlima. Mwenye kuijua Tunduma kuliko mimi aniambie, tafadhali: nimtembeze wapi?