Tofali Moja la Kalenga

Kalenga hakuwahi kuiba hata msumari. Naanza na hilo kwa sababu walimwita mwizi, na mimi, mwalimu Anaclet, nilinyamaza.

Alikuwa mpanga matofali kwenye tanuru moja pembeni mwa mji wa Élisabethville, mwaka 1937. Mtu mfupi, mkimya, mikono imekauka kwa vumbi. Msimamizi wake, Mbelgiji tuliyemwita Bwana, alitaka mafungu yanayolingana: ahesabu fungu moja, azidishe, aende zake kula. Siku hiyo tanuru lilitoa matofali 9,973, na daftari lilisema hivyo hivyo. Amri ikatoka: mafungu yote yawe sawa, lisibaki hata tofali moja. Likibaki, Kalenga afukuzwe, na nyumba ya kambini airudishe, wakati mkewe Ngalula ana mtoto wa wiki mbili.

Alipanga na kupangua siku mbili. Siku ya tatu, mchana, akaja shuleni kwangu.

"Mwalimu, nilipanga kwa mia, inabakia. Kwa makumi tano, inabakia. Kwa kumi na mbili, inabakia moja. Kuko muntu ananiloga?"

Nikachukua chaki. Niligawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, hadi tisini na saba. Kupita hapo hakuna haja, maana mia mara mia ni elfu kumi, imeshazidi. Kila mara kilibaki kitu. Ubao ulijaa, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Haiko bulozi," nikamwambia. "Hii hesabu haigawanyike na kitu. Haiko kosa yako."

"Bwana atasikia?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuvaa koti twende pamoja. Kifaransa nilikuwa nacho, yeye hakuwa nacho. Lakini Bwana yule alikula meza moja na mkuu wa shule yetu, nikaogopa kazi yangu. Nikajitia ujanja.

"Toa moja tu, beba kwako. Itakuwa mafungu makumi tatu na sita, kila moja mia mbili makumi saba na saba. Nani atajua?"

Akafanya hivyo. Ngalula akaliweka lile tofali chini ya mtungi, usiyumbe. Mafungu yakapendeza kweli, hata Bwana akahesabu upesi, akazidisha, akafungua daftari. Moja halipo.

"Iko wapi?"

"Iko kwangu, Bwana. Chini ya mutungi."

Kudanganya hakujua. Wakamwita mwizi, wakamfukuza kazini na kambini, nami sikwenda kusema kuwa shauri lilikuwa langu.

Yeye, mkewe na mtoto waliondoka na lori la samaki lililokuwa likirudi Kasenga. Nilikwenda kuwaaga. Ngalula hakunitazama. Kalenga alinishika mkono, akasema, "Mwalimu, hesabu yako ilikuwa ya kweli." Hakusema kwa kinyongo, na ndilo linaloniuma hadi leo.

Jumatatu nilikuwa na somo la kugawanya. Ubao ulikuwa bado umejaa hesabu ya Kalenga; tangu siku ile sikutaka ufutwe. Niliufuta mwenyewe kabla watoto hawajaingia.